Kompyuta Iliyokataa Kuzimika

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Nimeropoka tena. Mwalimu Kindness, anayefundisha kompyuta sekondari moja ya Bomang'ombe, alipita dukani kwangu Kiboriloni kutoa fotokopi. Akasema Jumamosi wana maonyesho, wanafunzi wazione kompyuta za zamani. Ramnik, rafiki yangu wa tangu ujana, ameshakubali kuleta yake.

Ramnik! Kabla sijameza mate nikamwambia hata mimi ninayo, ya enzi hizohizo, na inawaka mpaka leo.

Ninayo, ndiyo. Kuwaka ni habari nyingine.

Jumanne, 19 Agosti

Nimepanda Kibosho kwa dada Mektrida. Baridi, ukungu, mlima hauonekani. Kompyuta niliiacha kwenye jiko lake la zamani, kule nyuma kihambani, kwenye migomba, tangu parokia ilipofunga darasa la kuchapa na kuniuzia mimi.

Skrini ipo. Kibodi ipo, imegandamiza mfuniko wa pipa la maharage. Ila kasha lenyewe lina kuku. Anaatamia mayai kumi na moja, na amenitazama kama mimi ndiye mwizi.

Nimemwomba dada amhamishe. Dada amekataa. Akasema: "Remigius, hii kompyuta yako imekaa humu miaka ishirini haijaangua kitu. Kuku anaangua wiki ijayo."

Nimekula mtori wa ndizi, nimeshuka na skrini na kibodi.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimefungua skrini. Mchwa! Wamejenga mji mzima humo ndani.

Nilikata tamaa hadi saa nne asubuhi. Saa nne na nusu nikapata wazo. Nikatoa matumbo yote ya skrini, nikaacha ganda tupu, nikaingiza laptop aliyoniachia binti yangu Lucky. Imeingia kama imepimwa na fundi. Nikaweka rangi nyeusi, herufi za kijani. Nikarudi nyuma hatua tatu.

Mwaka themanini na tisa mtupu! Machozi yalinilengalenga.

Mama Lucky akasema huo ni uongo. Nikamweleza kwamba huo ni ukarabati. Akarudi kwenye ndizi zake.

Ijumaa, 22 Agosti

Leo sijifurahii.

Ramnik alikuja dukani. Mashine yake ni ile ndogo, kibodi ya mpira, inayosoma programu kutoka kwenye kanda ya kaseti. Sasa redio kaseti yake imeanza kutafuna kanda. Akaniuliza kama ninayo ya kumwazima kwa siku moja.

Nikasema sina. Ilikuwa rafuni nyuma yangu, nimeifunika kitambaa. Taarifa ya habari ilikuwa inasikika kutoka chini ya kitambaa.

Ramnik alikitazama kitambaa. Akasikiliza bei ya kahawa mpaka mwisho. Akaniaga vizuri tu, akaondoka.

Na huyu ndiye aliyenifundisha. Mwaka 1989 mjomba wake alileta ile mashine kutoka Uingereza, na kila Jumamosi mchana tuliikalia katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, katikati ya vipuri vya cherehani. Vijana wawili, kibodi moja. Yeye herufi za kushoto, mimi za kulia. Alikuwa na haki ya kuandika peke yake. Hakuwahi.

Ningemfuata barabarani. Lakini duka lilikuwa na wateja. (Mteja mmoja. Alikuwa anauliza njia.)

Jumamosi, 23 Agosti

Nitajaribu kuandika kwa utulivu.

Ukumbi ulijaa. Ramnik alianza. Alikuwa ameifunga redio yake kwa mpira wa manati. Akabonyeza, kanda ikaanza kulia kama paka aliyebanwa mlangoni. Wanafunzi wakacheka. Akawaambia kwa upole kwamba hiyo ndiyo sauti ya programu inapoingia, dakika tano, wavumilie. Wakanyamaza. Dakika ya nne walikuwa wamesimama wote, shingo ndefu. Hata mimi.

Umeme ukakatika.

Taa zikazimika. Kanda ikanyamaza. Mashine ya Ramnik ikafa, dakika moja tu kabla ya kufika.

Yangu ikaendelea kuwaka.

Ukumbi mzima gizagiza, na kompyuta yangu ya enzi za kale inang'aa kijani kama shetani. Kwanza walipiga makofi. Kisha msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Shikamoo babu. Samahani, hiyo yako inakula nini?"

Nikajibu kwamba zamani vitu vilitengenezwa imara.

Mwalimu Kindness akaanza kuzunguka nyuma ya meza. Nilihisi jasho likishuka hadi kwenye soksi. Hatua mbili zaidi angeona kila kitu. Ndipo Ramnik akainuka, akachukua chaki.

"Mwalimu, mashine ziacheni zipumzike," akasema. "Remi, programu yetu ya kwanza, mstari wa kumi tuliandikaje?"

Nikajibu: "Chapa SHIKAMOO."

"Na wa ishirini?"

"Rudi mstari wa kumi."

Akaandika ubaoni. Akasimamisha wanafunzi wawili: mmoja mstari wa kumi, mwingine wa ishirini. Wa kumi anasema shikamoo, wa ishirini anamrudisha. Shikamoo, rudi. Shikamoo, rudi. Ukumbi wote ukaingilia. Mkuu wa shule akaja kuuliza kelele za nini. "Shikamoo!" Akaitikia marahaba. "Shikamoo!" Marahaba. Ya tisa aliitikia akiwa ameketi.

Ramnik akawaeleza kwamba hata sisi tulisahau kuandika mstari wa kusimama. Baba yake aliingia akakuta skrini imejaa shikamoo, akaitikia marahaba moja, akasema zilizobaki tumpelekee jirani. Nilicheka hadi nikashika meza. Chumba kile chote kilinirudia, na harufu ya mafuta ya cherehani.

Jumapili, 24 Agosti

Baada ya misa nimekwenda kwa Ramnik. Nimekiri yote: laptop, mchwa, redio chini ya kitambaa. Nimeibeba hiyo redio, nimempa iwe yake kabisa.

Akasema alijua. Kompyuta zetu za wakati ule hazikuwa na alama ya betri pembeni.

Nikamuuliza kwa nini basi hakunianika. Akanimiminia chai. Akasema waliobaki wa kukumbuka kile chumba ni wawili tu, na mmoja ni yeye mwenyewe.

Tukaweka kanda. Dakika tano kamili. Ikaingia.

Nimeapa mbele yake: sitadanganya tena kuhusu kompyuta. Nimeona faida ya ukweli. Moyo mwepesi kama unyoya.

Jumatatu, 25 Agosti

Simu, saa mbili asubuhi. Mkuu wa shule moja ya Kwa Sadala. Amesikia habari za Jumamosi, anaomba na wao tuwatembelee. Akauliza, kwa heshima zote, kama labda ninayo pia printa ya zamani, zile za karatasi yenye matundu pembeni.

Nikakumbuka kiapo. Nikavuta pumzi.

Nikamwambia ninazo mbili.

Kesho naanza kuitafuta ya kwanza.