Mfuko wa Shati la Harusi

Jumatatu, 17 Oktoba 1994, Makote

Siku ya kumi ya ndoa. Sabina kacheka jikoni, nikasahau nilichofuata. Mke ninaye!

Ila jirani Awadhi kamletea mkewe doti ya khanga kutoka Masasi. Mkewe kapita nayo kwetu mara tatu. Sabina akaisifu mara zote tatu. Hilo ndilo lililoniuma.

Siku hizi ni soko huria, wanunuzi wa korosho wanafika hadi mlangoni. Mikorosho yangu bado michanga. Ya Bi Mwanasha, mjane tunayepakana naye, imezaa mpaka imeinama. Nina kidato cha nne. Nitapata njia.

Jumanne, 18 Oktoba

Njia nimepata. Desturi yetu yajulikana: mpita njia ruksa kula bibo, tunda la mkorosho wa mtu, korosho yake aiache chini ya mti. Nimepita njia. Nimekula mabibo hadi koo likawasha. Korosho nimetia mfukoni mwa shati jeupe la harusi, Sabina hupenda nikilivaa.

Je, ni wizi? Nimelipima kwa utulivu. Mwizi huchukua kwa tamaa. Mimi nimechukua kwa mapenzi. Dhamiri imeniruhusu papo hapo.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nimepita njia tena, mara nne. Nikamwona Awadhi akitoka shambani kwa Bi Mwanasha na ndoo ya korosho. Mchana kweupe! Nimeumia kwa niaba ya kijiji. Nimemwomba balozi wa nyumba kumi, Mzee Safari, aitishe kikao. Nikamwambia wizi ni wizi, sababu haiulizwi. Sabina alikuwepo. Macho yake yalijaa fahari.

Jumamosi, 22 Oktoba

Kikaoni nimehutubia vizuri mno. Kisha Bi Mwanasha akaeleza kwamba Awadhi alimwomba kazi ya kuokota, na ile ndoo ndiyo ujira wake. Watu wakacheka. Awadhi akasema nisamehewe, bwana harusi hapati usingizi wa kutosha.

Bado nasema hotuba ilikuwa nzuri.

Jumatatu, 24 Oktoba

Sabina kafua. Maji ya bibo hayatoki, hata kwa magadi. Doa la kifuani hakuliulizia, kula ni ruksa. Akageuza mfuko nje. Ndani kahawia tupu.

"Bibo linaliwa kwa mdomo, mume wangu. Mfukoni lilifuata nini?"

Nikamweleza tofauti ya tamaa na mapenzi. Akasikiliza hadi mwisho.

"Mama aliponiuliza kwa nini wewe, nilimwambia huyu hagusi cha mtu."

Hakula. Sahani yake imebaki vilevile. Sijawahi kuogopa hivi.

Jumanne, 25 Oktoba

Korosho tumezirudisha pamoja kwa Bi Mwanasha, Sabina mbele. Nikamwamkia shikamoo, nikakiri. Bi Mwanasha akaitika marahaba, akasema Awadhi alifungua mdomo kuomba, mimi nikafungua wangu kula tu. Hukumu: nimwokotee korosho wiki nzima, bure. Sabina akanishika mkono njia nzima ya kurudi. Nikalia kidogo.

Jumatano, 26 Oktoba

Sabina kaushona mfuko ukafungika kabisa. Mishono midogo, mizuri, mke wangu ana mikono! Kijiji kizima, ni nani mwingine amekabidhiwa shamba la mjane? Mimi. Huo ndio uaminifu.

Kanifungia na chakula cha mchana kwenye kikapu. Kikapu kikubwa. Kina mfuniko.