Vita vya Kitambaa cha Kikombe

Sogeeni, enyi mlioketi, nanyi mliosimama tueni mizigo yenu, maana habari hii ni nzito na haisikilizwi na mtu aliyebeba kitu kichwani! Nawasimulia habari za Dereva Mstaafu, Simba wa Mabasi, Mtiisha Gia, Mwenye Honi iliyotawanya ng'ombe na mbuzi, jinsi alivyopigana na kisanduku cha kadibodi, ambacho tumboni mwake mlikuwa na uzi wa sufu wa rangi ya machungwa, sindano mbili zenye ncha ya kulabu, na karatasi ya picha yenye maneno haya ya kutisha: Kufuma kwa Wanaoanza.

Enzi zake barabarani shujaa huyu alikula peke yake katika miji isiyo na idadi. Alipostaafu alirudi na kiu moja tu, kukaa karibu na mkewe. Lakini kwa kuwa usukani haumfundishi mtu kusema maneno kama hayo, alibeba kigoda chake mpaka jikoni, akaketi kando ya jiko, akaanza kumwelekeza namna ya kukata vitunguu. Leo vinene mno. Kesho vyembamba mno. Mkewe, Malkia wa Masufuria, aliyeendesha nyumba miaka yote ile bila kondakta, alistahimili hadi subira ikamwishia, akashika njia ya dukani, akarudi na kile kisanduku.

"Baba watoto!" akatangaza, mwiko juu. "Nakupenda, lakini humu jikoni umenichosha. Chukua hiki, kakae sebuleni, unifumie kitambaa cha kuwekea kikombe. Kigoda chako nakiweka stoo. Ukimaliza kitambaa, kitarudi mahali pake. Kisanduku hiki kikiishia uvunguni kama vile vitu vyako vingine, kigoda nakigawa!"

Neno hilo lilimchoma. Uvunguni mwa kitanda ndimo walimolala majeruhi wa vita vyake vya awali: gitaa lisilo na nyuzi, merikebu ya vijiti yenye ubavu mmoja, na rangi za maji zilizokauka kabla ya kuchora hata jani.

"Mama watoto," akajibu, kifua mbele, "mimi niliyeteremsha basi mlimani kwenye mvua, breki zikinuka na abiria wakitubu, leo nishindwe na uzi? Naapa kwa leseni yangu! Jioni hii utatua kikombe chako cha chai juu ya kazi ya mikono yangu!"

"Haya. Tutaona."

Akaingia vitani. Picha ikamwamuru ashike sindano kwa mkono huu na uzi kwa mkono ule, akatii, uzi ukampiga chenga, ukamzunguka kidole gumba, ukateka kifungo cha shati, ukajifunga mafundo ambayo hata yeye, mfungaji wa mizigo kwenye keria, hakuwahi kuyaona. Akafumua, akaanza upya, akafumua tena. Mwishowe Mtiisha Gia aliinuka, kisanduku kwapani, akaelekea chumbani taratibu. Alikuwa na huzuni ya kweli. Uzi haukumuuma, kilichomuuma ni kigoda.

Malkia akamkuta mlangoni. "Unakwenda wapi na hicho?"

"Kukipumzisha."

"Hebu shika sindano nione." Akaishika. Malkia akaduwaa. "We baba! Kijiko unashika mkono gani?"

"Kushoto."

"Kalamu?"

"Kushoto."

"Sasa sindano umeipeleka kulia kufanya nini?"

"Picha ndivyo inavyosema."

"Kwani umeolewa na picha? Njoo hapa!"

Ndipo likaitishwa baraza la vita. Malkia alipunguza moto chini ya sufuria ya maharage, akavuta kiti akaketi wakielekeana, akatwaa sindano ya pili na kuisoma karatasi kwa macho makali. "Nitazame kama unavyojitazama kwenye kioo ukinyoa ndevu. Mkono wangu huu, wako ule pale. Twende." Na mkono wa kushoto, uliokuwa umewekwa akiba, ukashuka uwanjani, kitanzi kikazaa kitanzi, duara likazaa duara, na uzi, adui mkubwa, ukasalimu amri. Maharage yaliungua, na hakuna aliyeinuka. Mwanamke aliyenunua kisanduku ili apate nafasi ya kupumua alikuwa amegusana magoti na mumewe, na hilo nalo hakuna aliyelitaja.

Jioni ikafika. Kitambaa kilikuwa kimejikunja kingo, kidogo kuliko kiganja, na kwa mbali kilifanana na kofia iliyokaliwa. Malkia akakitandaza mezani, akatua kikombe. Kikombe kikainama. Chai ikatafakari ukingoni, kisha ikabaki.

"Kimesimama," alisema Malkia. Akaenda stoo, akakitoa kigoda, akakifuta vumbi kwa upande wa kanga, akakirudisha kando ya jiko.

Basi pigeni vigelegele, enyi vizazi, na wanaojua kuandika waandike! Kwani usiku ule, akiandaa mboga mpya badala ya maharage yaliyoungua, Malkia alikata vitunguu vinene kuliko siku zote, huku akimtazama mumewe kwa jicho la pembeni. Na Simba wa Mabasi, akiwa juu ya kigoda chake, aliviona, akavuta pumzi, akafungua mdomo, akaufunga.