Mashati Sita na Mama wa Kofia ya Njano

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimefika. Nchi ya watu. Peke yangu, bila kundi, bila kiongozi, bila mtu wa kunipulizia filimbi.

Nimechoka hoi. Miguu imevimba. Viatu vipya vilikuwa kosa, lakini mtu hapandi ndege na viatu vya kuendea sokoni. Chumba kiko ghorofa ya nne. Lifti ipo, imezungushiwa kamba, na kwenye kamba kuna karatasi ambayo siwezi kuisoma lakini nimeielewa vizuri sana. Ngazi sitini na nne. Mzee wa mapokezi, nimembatiza Bwana Funguo, hakugusa hata begi. Alinitangulia akitikisa funguo zake, mimi nyuma nahema.

Niandike kilichonileta, nikisahau nije nisome. Miaka ishirini na saba nimefanya kazi posta, kitengo cha barua za nje. Nimepanga barua za kwenda kila pembe ya dunia na mwenyewe sijawahi kuvuka mpaka. Mama Watoto nilimwahidi safari tangu kifungua mimba wetu hajaota meno. Sasa nimestaafu, ahadi bado iko palepale. Kaka yake, yaani Shemeji, kila mwaka anapeleka nje kundi la watu arobaini waliovaa kofia za aina moja, na safari hii amemwambia dada yake aende naye.

Mama Watoto akatoa sharti mbele ya wote. Nitangulie mimi, siku saba, peke yangu. Nikiweza kutembea huko kama mtu mzima, mwakani tunasafiri wawili, yeye na mimi. Nikishindwa, anakwenda na kundi la kaka yake, mimi nibaki nalinda nyumba. Ushahidi ni picha moja kila siku kwenye grupu la familia, kuanzia kesho.

Shemeji alicheka. Alisema mimi nikivuka barabara mbili tu natafuta kiti. Kicheko kile nimepanda nacho ngazi zote.

Nimekaa kitandani kuvua viatu. Kimoja kimetoka. Kingine nitakivua kesho.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimeamka na wazo. Bwana Funguo kanipa ramani ya bure ya wageni, ina vituo sita vyenye namba moja hadi sita. Siku zilizobaki, sita. Maana yake kila siku nishuke, nitembee, nirudi, nipande. Magoti yakakataa kabla sijayauliza.

Basi nikaona hivi. Vituo vyote navimaliza leo, kila kituo shati lake. Halafu natuma picha moja kila siku nikiwa nimejilaza. Shemeji na ujanja wake wote hajawahi kuliwaza hili.

Nikatia mashati sita kwenye mfuko, nikatoka. Mnara wa saa, shati la buluu. Jumba la makumbusho, la mistari, nilibadilisha kwenye choo cha nje. Chemchemi, jeupe, nyuma ya gari la takataka. Bustani, la maua. Nyuma ya mti mwembamba kuliko mimi. Sanamu ya farasi ilikuwa mtihani, uwanja mtupu kila upande, nikajibanza chini ya mkia. Soko la zamani, la kahawia, na hapo sikuwa na nguvu hata ya kujificha. Niliwaomba wapita njia wanipige picha, kwa ishara. Mmoja alipiga kidole chake. Mwingine alinikata miguu, na kwa kweli sikumlaumu, hata mimi ningependa kuikata.

Saa kumi alasiri nilikuwa nimemaliza kazi ya wiki nzima. Nikatuma ya mnara. Mama Watoto akaandika nimependeza. Shemeji akaweka kidole gumba, basi, kidole tu.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimelala mpaka saa tano. Raha.

Nikatuma ya makumbusho, nikaandika chini yake kwamba leo nimejifunza mengi. Mama Watoto akauliza mle ndani kuna nini. Mle ndani sikuingia. Nikajibu kuna vitu vya kale. Akauliza vipi. Nikajibu vya kale sana. Shemeji akauliza kama hivyo vya kale sana vina mguu au vina mkono. Nikajifanya mtandao umekata.

Mchana nimeshindia biskuti. Darini kuna doa la maji lenye umbo la sikio, tumetazamana saa nyingi. Kwa kuwa hapa hasomi mtu, niseme ukweli. Si miguu tu. Jana nilisimama kwenye njia panda muda mrefu, sijui magari yanatokea upande gani, watu wananipita kulia na kushoto, na hakuna hata mmoja anayejua mimi ni nani. Posta hata paka wa stoo alinijua. Niliogopa, mtu mzima na mvi zangu. Ndiyo maana nimelala.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Kimenuka.

Asubuhi nimetuma ya chemchemi, shati jeupe, nimesimama kama waziri. Nikageuka upande wa pili nilale. Simu ikalia, ujumbe kwenye grupu. Mama mkwe.

Mama mkwe haandiki kwenye grupu ila kuna msiba au kosa. Akauliza huyu mama wa kofia ya njano ni nani. Nikamuuliza mama yupi. Akasema yule wa Jumanne pale mnarani, wa jana pale makumbusho, na wa leo hapo nyuma ya maji. Kwamba macho yake ni mabovu, lakini njano anaijua.

Nikakuza picha. Kweli. Mama wa makamo, kofia pana ya njano, mkoba begani. Zote tatu. Nikafungua na zile tatu nisizotuma bado. Yumo. Kwenye ile ya sokoni ananipungia mkono.

Binti yangu mkubwa ameandika neno moja: Baba. Na nukta. Shemeji kaandika kwamba kumbe hatukusafiri peke yetu.

Nimebanwa pande zote. Nikisema picha zote ni za siku moja, nimevunja sharti na Mama Watoto anakwenda na kundi. Nisiposema, nina mwanamke. Nikaandika kwamba dunia ni ndogo. Mama mkwe akajibu dunia anaijua ukubwa wake, yeye anauliza habari ya kofia.

Mama Watoto hajaandika kitu. Huyo ndiye ninayemwogopa.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimemwonyesha Bwana Funguo picha. Hakufikiri hata kidogo. Akasema, kwa kile Kiingereza chetu cha kuokoteza, kwamba huyo ni mgeni wake, ghorofa ya pili. Mstaafu, anatembea peke yake, katoka nchi nyingine kabisa, na hapa hakuna anayeijua lugha yake.

Nyumba moja. Na hilo nalo mama mkwe akilijua.

Nimemkuta chumba cha chai akipaka siagi mkate wake. Akafurahi kuniona kama ndugu aliyepotea. Akatoa ramani. Ni ileile ya bure, moja hadi sita, kila namba ameitia alama. Nikaelewa. Alifuata namba, nami nilifuata namba, siku ileile. Hakuna siri, ni ramani tu.

Nikaona njia. Atoe ushahidi mwenyewe. Nikampigia Mama Watoto, nikampa mama wa watu simu. Akaongea kwa kituo, dakika nzima, kwa lugha yake. Kisha akacheka, kicheko cha kutoka tumboni, akanipiga begani, akanirudishia simu. Mama Watoto akauliza swali moja tu, tuko wapi. Nikasema chumba cha chai, hapa ninapolala. Akauliza na huyo analala hapohapo. Nikasema ndiyo, lakini ghorofa ya pili. Simu ikakatwa.

Hapo ningenyamaza. Lakini kichwa kilikuwa kimeshapata moto. Nikawaza kwamba mama huyu naye alipiga picha zake, na humo wataona yuko peke yake, hana habari na mimi. Nikamwomba kwa ishara. Akanitumia zote sita kwa bluetooth. Nikazirusha kwenye grupu hapohapo bila kuzifungua, nikaandika: Ushahidi huo.

Nilipofika ghorofa ya tatu simu ilikuwa inatetemeka bila kupumzika. Nikakaa kwenye ngazi, nikafungua.

Amejipiga mwenyewe, anatabasamu, na nyuma yake nipo. Mnarani nipo na buluu. Chemchemi naonekana nikichungulia nyuma ya gari la takataka. Kwenye farasi kichwa kimenasa ndani ya shati, tumbo liko nje lote, mfuko nimeung'ata kwa meno. Na simu yake inaandika tarehe na saa pembeni ya kila picha. Tarehe tano. Tarehe tano. Zote sita, tarehe tano.

Shemeji kaandika kwamba Jumanne hiyo ilikuwa ndefu. Mama mkwe katoa hukumu. Kasema mama wa kofia hana kosa, aachwe. Tumbo ni la mkwe wake, analijua.

Nimeumbuka. Nilimalizia ngazi zilizobaki kwa kushika ukuta.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mama Watoto kapiga saa nne asubuhi. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Amesema habari ya mwanamke hakuiamini hata dakika moja, ananijua nilivyo mvivu, na mambo hayo yana kazi. Kilichomuuma ni kingine. Miaka yote namwimbia kwamba nataka kuona dunia. Dunia nimeipata, nikaipa mgongo nikalala. Amesema ningemwandikia tu kwamba nimechoka, au kwamba naogopa, angeniambia pumzika baba, tungecheka, yakaisha.

Nilitaka kumwambia. Naapa. Nikasema mtandao unasumbua.

Kisha akasema kesho ndiyo siku ya mwisho, na kaka yake anataka majina ya wasafiri kesho hiyohiyo. Nitoke. Nimtumie picha moja ya kitu nilichokiona kwa macho yangu. Hata ukuta. Hata kuku. Kiwe cha kweli tu. Ndipo ataamua aende na nani.

Moyo umeshuka mahali pake. Huyu mwanamke ananipenda, sijui kwa nini. Kesho natoka mapema, natembea mpaka miguu iombe msamaha. Viatu nimeviweka mlangoni.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Niliamka kweli nina nia. Nilivaa. Nilishuka ngazi zote.

Mvua. Si kubwa, lakini mvua. Nikasimama mlangoni.

Mama wa kofia naye alikuwa anaondoka, begi mkononi, basi linamsubiri. Hakuwa na kinyongo, maskini, hajui alilonitendea wala nililomtendea. Akanionyesha picha aliyoipiga jana. Kidaraja cha mawe, maji yanapita chini yake, jua limepenya kwenye majani na kutua juu ya jiwe moja tu. Nikaweka mkono kifuani kumwonyesha ilivyonigusa. Akanitumia palepale, akapanda basi, akapunga mkono, akaenda zake.

Nikaitazama mvua. Nikavitazama viatu. Nikaitazama picha.

Ile tarehe ya pembeni niliikata. Si kwamba sijifunzi.

Saa nne nikaituma, nikaandika kwamba nimekiona asubuhi hii. Kisha Mama Watoto akapiga, na sauti yake ilikuwa nyingine. Akasema tangu anijue, hii ndiyo picha yangu ya kwanza ambayo sikusimama mbele ya kitu nikakiziba. Akasema alikuwa anangoja siku hiyo. Akalia kidogo, nami nikasikia anavyojifuta kwa kitenge.

Dakika tano baadaye aliandika kwenye grupu kwamba jina lake lisiwekwe kwenye kundi. Mwakani anasafiri na mume wake. Nilikaa ngazi ya kwanza nikalia na mimi. Bwana Funguo akanipa kikombe cha chai bila kuuliza kitu. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tangu kustaafu.

Kisha Mama Watoto akaandika tena. Hataki nchi nyingine. Anataka hapahapa. Nimshike mkono mpaka kwenye hicho kidaraja, nimwonyeshe niliposimama.

Shemeji, ambaye nilidhani ameshakufa kwa wivu, akasema ameguswa. Mwakani, wiki hiyohiyo, ataleta na kundi lake, watu arobaini, na mimi ndiye nitakayewaongoza kwenda darajani. Mama mkwe kajiandikisha wa kwanza. Kasema anakuja na miwani yote miwili.

Nikampa Bwana Funguo simu aangalie picha, aniambie kidaraja kiko wapi. Akaitazama sana. Akamwita mpishi. Mpishi akamwita mama wa usafi. Wote watatu wakatikisa kichwa. Bwana Funguo akanishauri nimuulize yule mama wa kofia. Nikamuuliza amekwenda wapi. Akasema kwenye kitabu cha wageni aliandika, lakini hakuna aliyeweza kusoma.

Mwaka mmoja si haba. Naweza kusema mafuriko yalikisomba, au serikali imekizungushia uzio. Nitalipanga vizuri nikishajilaza. Sasa hivi grupu zima linaniuliza ni mwendo wa dakika ngapi kutoka hapa. Nimewajibu wasiwe na wasiwasi, njia naijua.