Tunaomba Vijidudu vya Kibuyu Chetu Virudishwe

Kashikishi, Nchelenge
Novemba 1978

Kwa Ba Patson Bwembya, Afisa wa Afya

Bwana Afisa mheshimiwa,

Salamu nyingi, na pole kwa kuzunguka mwambaoni na baiskeli isiyo na breki. Mimi ni Valère Nkulu, mfanyabiashara wa samaki wakavu, mume wa Colette. Naandika kwa heshima zote, ila moyo wangu umechafuka.

Ulipokuja kutufundisha, ulisema kijidudu kina vinyweleo vya protini juu ya ngozi yake. Ukasema wataalamu wameanza kugundua kwamba vijidudu vingine hubandika sukari kwenye vinyweleo hivyo, chembe baada ya chembe, na hilo huvisaidia kung'ang'ania menoni, tumboni na ndani ya vyombo. Nilielewa vizuri, na ndiyo maana nalalamika.

1. Sukari hiyo vinaipata wapi? Colette alipanga foleni ya sukari dukani tangu alfajiri, akarudi na kiberiti. Mimi mwenye familia nakunywa chai bila sukari, na kijidudu kisicho hata na kitambulisho kinajipaka sukari mwilini kama mafuta. Serikali ifuatilie mgao huo.

2. Baada ya somo lako, kibuyu chetu cha munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi kilichochacha, kilisuguliwa kwa majivu na maji ya moto. Bwana Afisa, kibuyu cha munkoyo hakisuguliwi. Husuuzwa kidogo tu, kwa sababu vile vilivyonata ndani ndivyo vinavyochachusha uji wa mahindi unaofuata. Mama mkwe wangu alivuka ziwa kutoka Congo akiwa amekipakata. Watoto waliambiwa washike kamba ya boti. Aliyekisugua ni binti yangu Ngalula, maskini, kwa kutii mafundisho yako. Sasa munkoyo wetu umelala. Ni mtamu tu, haukwaruzi koo. Jirani yetu Mwenze alionja, akarudisha kikombe, akasema, "Hii ni buyi ya batoto," yaani uji wa watoto wachanga.

3. Jumamosi Rabson na watu wake wanakuja kutoka kisiwa cha Chisenga kumposa Ngalula. Baba yake Rabson, Ba Chalwe, huipima nyumba kwa munkoyo wake. Nikimpa uji atageuza boti. Naogopa sana, kwa sababu nimekwisha kulitangazia soko zima kwamba mkwe wangu ana boti ya injini.

4. Kwa hiyo vijidudu vyetu virudishwe kabla ya Ijumaa. Kama vimepotea, tutapokea vya kwako. Nimekiona kikombe chako cha chai pale ofisini, na naamini humo vipo tele.

5. Ikishindikana, na Rabson akakataa, itabidi umwoe Ngalula wewe mwenyewe. Najua una mke. Utamweleza, maana kueleza unajua.

6. Tena wasichana wasihudhurie masomo yako. Mtu mzima husikiliza na kusahau, kama inavyotakiwa. Msichana anaweza akaenda kufanya.

Nisalimie mke wako (kabla hujamweleza la tano), wauguzi wote, mlinzi wa lango na mbwa wake.

Ni mimi, mwenye kibuyu kisafi na mashaka mengi,
Valère Nkulu

N.B. Barua ilikosa mtu wa kuileta, na Jumamosi imepita. Ba Chalwe alionja, akashukuru, akaondoka na mwanawe kabla samaki hawajaiva. Nikamwambia Ngalula asijilaumu, alitii tu mafundisho. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe somo alilielewa kuliko sisi sote: alijua kibuyu kikisuguliwa munkoyo utalala, na yeye hamtaki Rabson, akakisugua makusudi. Nilikasirika hadi jioni. Akaniambia, "Papa, miye nataka masomo. Bwana atangoya." Yaani mume angoje, yeye anataka kuwa muuguzi. Nikachukua tena kalamu.

Basi vijidudu visije haraka. Ukifundisha tena, mwekee Ngalula nafasi mbele. Na tafadhali mwandikie barua ya kupeleka chuoni. Useme anasikiliza vizuri, na kwamba baba yake amekubali.