Siri ya Pampu Namba Tatu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Meneja mpya wa kituo chetu cha maji ametuletea balaa. Linaitwa Kanuni ya Maarifa. Kila mfanyakazi aandike anachojua kwenye daftari la wote. Mwenzake aujaribu ukurasa, kisha ugongwe mhuri. Baada ya mhuri unafuatwa neno kwa neno, hata na aliyeuandika. Eti maarifa ni mali ya kituo, si ya mtu. Thubutu! Miaka kumi na moja naiwasha pampu namba tatu peke yangu. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Wakijua kuiwasha, mimi wa nini tena? Siandiki ng'o!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeambiwa asiyeandika hatafikiriwa mkataba mpya. Basi nimeandika. Kwa hati nzuri kabisa! Siri yenyewe ni koki ndogo ya hewa nyuma ya pampu: uifungue, hewa itoke, maji yamwagike kidogo, uifunge, ndipo uwashe. Hiyo sikuigusa. Nimeandika: gonga bomba mara saba kwa spana kubwa, kisha washa. Mke wangu aliponiona nacheka peke yangu aliuliza nimekula njama gani tena. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema basi Mungu atusaidie.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Ushindi! Nilifika mapema kabla ya wote, nikatoa hewa kimyakimya. Mama Deki, mfanya usafi wetu, akaja na ndoo kufuta sakafu. Hakuuliza kitu. Huyo huwa hana maswali. Saa mbili meneja akavua koti, akagonga mara saba huku akihesabu kwa sauti, akawasha. Maji hayo! Akanipa mkono. Akasema ukurasa wangu ni mfano wa kuigwa. Mhuri pwaa!

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku mbaya. Umeme ulikatika asubuhi, uliporudi pampu ikanguruma bila tone. Hewa imeingia. Nikakimbilia koki. Meneja akanishika mkono. Ukurasa unasemaje? Unasema spana. Na una mhuri.

Ningeweza kukiri. Sikukiri! Nikagonga saba, nikawasha. Hakuna tone. Nikamweleza kwamba siku za joto ni kumi na nne. Akauliza mbona sikuandika. Nikagonga kumi na nne. Mtaa mzima mabomba makavu. Mke wangu akapiga simu akiwa na povu kichwani, akaniuliza nimefanya nini. Wala hakuuliza nani.

Ndipo akaja Mama Deki. Akaitazama sakafu, akasema leo ni kavu, maji yatatokaje? Akaeleza kwamba kila siku nikiwasha, yeye hufuta maji chini ya koki ile. Na Jumatano aliyafuta kabla hata meneja hajafika. Akatega ndoo, akafungua koki. Hewa ikapiga mluzi, maji yakatoka, akafunga, akabonyeza swichi. Maji mtaa mzima! Meneja akanigeukia. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, ila kichwa sikuinamisha.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Ukurasa mpya una mistari miwili, na jina la Mama Deki chini yake. Ndiye msimamizi wa daftari sasa. Mimi nimepewa mkataba wa miezi mitatu, kwa sharti kwamba kila ninachojua nimsomee yeye kwanza. Meneja alisema ameamini nimejifunza. Nimejifunza sana! Kosa langu lilikuwa kufanya siri mahali penye sakafu.

Pampu namba mbili nayo ina ujanja wake. Kabla ya kuwasha, gurudumu lake jekundu linarudishwa nusu duara. Hakuna anayejua. Nimeuandika humu tu, kwenye shajara hii inayolala ndani ya droo yangu ya kazini, na ufunguo wake ni mmoja. Waje na mihuri kumi, hawataniondoa!

Naweka kalamu. Mama Deki amesimama mlangoni na kitambaa, anasema droo yangu ina vumbi la miaka. Kwa kweli ina vumbi. Nampa ufunguo, nikanywe chai.