Madumu Kumi ya Bwana Uhakika

Bwana Uhakika aliiona pikipiki kabla hajamwona mwenyewe, na moyo wake ukafanya yale ambayo mioyo ya wengine hufanya kwa wachumba. Ilikuwa imeegemezwa ukuta wa kibanda cha kukaangia viazi, nyekundu, kioo kimoja hakipo, na kwenye kiti imebandikwa karatasi: NABADILISHA NA MAFUTA YA KUPIKIA.

Akasoma mara mbili ili kuhakikisha Mungu hamtanii. Mjini humo alikuwa amebakiwa na mitaa michache sana ya kupita akitembea. Mingine yote ilikuwa ya kupita mbio, kwa sababu ya wateja wasioridhika, na mtu hawezi kukimbia vizuri huku anasukuma mkokoteni. Bila chombo cha moto, siku yoyote wangemkamata.

Biashara yake ilikuwa hivi, na naieleza kwa heshima zote. Alichukua dumu la lita ishirini, akatia maji lita kumi na tano, kisha akamalizia na lita tano za mafuta, tena mazuri, kwa maana hakupenda kumdanganya mtu kwa kitu duni. Mnunuzi akifungua kifuniko anakutana na mafuta. Akichovya kidole, mafuta. Akinusa, mafuta. Maji yamekaa chini kwa adabu zao, hayasemi neno, mpaka Bwana Uhakika amekata kona ya pili. Kwamba mafuta hukaa juu ya maji alijua tangu utoto. Kwa nini yanakaa juu, hakuwahi kuuliza. Yalimlipia kodi ya nyumba, akaona kuyahoji ni utovu wa shukrani.

Kesho yake asubuhi akafika kibandani na madumu kumi juu ya mkokoteni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo, umeleta mzigo au mgonjwa?"

Huyo ndiye Mama Kikaango, mwenye kibanda na mwenye pikipiki. Alikuwa mpana wa mabega, mikono ina madoadoa ya mafuta ya moto, na kwa kupenda cha bei nafuu hakuwa na mpinzani. Aliwahi kumbembeleza muuza vitunguu mpaka akaondoka na kikapu chenyewe.

Akafungua dumu, akachovya kidole, akanusa. Hapo ndipo Bwana Uhakika alipaswa kunyamaza. Lakini ulimi wake haukuzoea likizo.

"Tazama yanavyochuruzika kidoleni mwako, mama. Polepole, kama bwana harusi. Kitu kinachotembea hivi lazima kiwe na uzito. Siku hizi wanakuuzia vitu vyepesi kama maji."

"Vyepesi kama maji," mama akarudia.

"Kabisa. Weka dumu kwenye mizani yako ya viazi ujionee."

Mama akaliweka. Sindano ikapanda, ikasimama juu kidogo ya kilo ishirini na nusu.

"Sasa weka hilo lako," akasema Bwana Uhakika, akionyesha dumu la mafuta lililojaa pembeni mwa jiko.

Kilo kumi na tisa na kidogo.

"Umeona? Huyo aliyekuuzia amekupunja. Mimi nakuzidishia kilo nzima na ushee, na wala sikudai."

Mama Kikaango alikuwa amebeba madumu ya mafuta kwa miaka kumi na tisa, ya kila muuzaji, na mikono yake iliyajua kama inavyojua watoto wake. Dumu ni lile lile, lita ni zile zile, kilo kumi na tisa na kidogo. Kitu kimoja tu kilijaza dumu hilo hilo na kuuma bega zaidi, nacho alikichota bombani kila alfajiri.

Akatabasamu.

"Umenifurahisha, mwanangu. Mtu mkarimu kama wewe siwezi kumpa pikipiki yenye tangi tupu. Kaa hapo ule viazi, nikakujazie petroli."

Akaikokota pikipiki nyuma ya kibanda. Bwana Uhakika akaletewa sahani ya viazi vya moto. Alijisikia vibaya kwa muda wa viazi vitatu hivi, kisha ikapita, akaongeza chumvi.

Pikipiki iliporudi, aliikagua kitaalamu, maana yeye si mtu wa kuchezewa. Akafungua kifuniko cha tangi: limejaa mpaka shingoni. Akanusa, petroli ikampiga puani. Akachovya kidole, kikapoa na kukauka papo hapo.

"Petroli safi. Na kadi yake?"

"Iko kwa kaka yangu. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu bila kukosa," akasema Bwana Uhakika, ambaye Jumatatu alipanga kuwa mji mwingine na jina jingine. "Na huo mkokoteni baki nao, mama. Zawadi."

Pikipiki ikawaka kwa teke la kwanza. Akapanda nayo mlima wa barabara, akipungia watu asiowajua. Kufika juu, ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazima. Akaipiga mateke mpaka shati likalowa. Akachungulia tangini: petroli ipo, inanukia.

Hatua kumi mbele palikuwa na gereji. Akamshukuru Mungu, mapema mno. Chini ya lori akatoka fundi, mtu wa kukata mti kwa mkono mtupu, akaitazama pikipiki kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akauzamisha tangini mpaka chini, akaziba mdomo wa juu kwa kidole gumba, akautoa.

Ndani ya mpira, juu, palikuwa na petroli ya upana wa vidole viwili. Chini yake yote maji. Mpaka kati yao umenyooka kama wa rula.

Bwana Uhakika aliutazama ule mpira kama mtu aliyekuta picha yake imetundikwa nyumba ya jirani.

"Petroli iliyokuwa kwenye kabureta ndiyo imekufikisha hapa," fundi akasema. "Halafu pikipiki ikaanza kunywa ya tangini."

"Lakini nilinusa. Nikachovya na kidole."

"Ulichovya juu, kaka. Pikipiki inanyonya chini. Kadi unayo?"

"Iko kwa kaka wa mwenyewe."

"Kaka wa mwenyewe ni mimi," fundi akasema, akijifuta mikono. "Iko kwenye droo ile pale."

Wakateremka pamoja, Bwana Uhakika akikokota, fundi nyuma yake na spana ambayo hakuwa na kazi nayo. Walimkuta Mama Kikaango na upawa. Ameshayaengua mafuta yote, yamejaa madumu yake mawili na nusu.

"Mama, tusiharibiane."

"Tumeshaharibiana. Sasa tunatengenezana. Hebu niambie, miaka yote hii mafuta yanaelea unakula, hukuwahi kujiuliza yanaeleaje? Jaza dumu maji, jaza dumu mafuta, la mafuta ndilo jepesi. Ndiyo maana yako juu."

"Lakini yanakwenda polepole, mama."

"Mvivu si lazima awe mnene. Chagua: nimwite fundi cherehani wa jirani, anamtafuta muuza mafuta fulani tangu mwezi jana, au uchukue maji yako uende."

"Na mafuta yangu?"

"Viazi umekula, hujakula?"

Akachukua maji yake, na mkokoteni aliokuwa ameutoa zawadi.

Mtaa wa tatu kutoka hapo mabomba yalikuwa makavu tangu juzi, na wanawake wamepanga ndoo tupu mstari mrefu. Kwa mara ya kwanza maishani Bwana Uhakika alikuwa na kile hasa ambacho watu walitaka.

"Maji, dada zangu. Maji hapa."

Mmoja akafungua dumu. Juu palielea macho ya mafuta, yanameremeta. Akanusa.

"Haya ni mafuta."

"Ni maji, dada. Mafuta ni hayo ya juu tu. Chini kote ni maji, haki ya Mungu."

"Eti chini ni maji," dada akawaambia wenzake. "Mtu anauza mafuta kwa bei ya maji, kayatoa wapi kama si kwenye duka la watu? Shikeni mkokoteni, mimi nafuata askari."

Bwana Uhakika aliitazama mikono ya wale wanawake, mikono ya kubeba ndoo, akaona ukweli si wa kuufia. Akaacha mkokoteni, akakaza mwendo, kisha akakaza zaidi.

Walipoinamisha dumu la kwanza, yakatoka maji. La pili, maji. Yote kumi. Ndoo zikajaa, foleni ikacheka, na yule dada akasimama akitazama kona aliyopotelea.

"Maskini," akasema. "Mtu mkweli vile, na tumemfukuza."