Tanuri Chini ya Mafiga ya Wifi

Haya alinisimulia wifi yangu Jumapili, tukichambua mchele barazani. Na wifi yangu hajui uongo. Chumvi huizidisha kwenye mboga tu.

Serikali imetangaza neema kubwa! Jikoni kwa wifi, chini ya mafiga, limegunduliwa tanuri la wahunzi walioyeyusha chuma zaidi ya miaka elfu iliyopita. Uwanja mzima umetapakaa mavi ya chuma, yale mawe meusi yenye matundu, takataka za wahunzi hao. Sisi tulikuwa tukisugulia visigino. Kumbe ni Urithi.

Mkurugenzi wa Mabaki alikuja na kipaza sauti, ingawa waliomsikiliza ni wifi na kuku wake.

"Kuanzia leo, popote penye mavi ya chuma ni eneo nyeti! Hakuna kukanyaga, hakuna kupika, hakuna kulala! Amri hii haina mkubwa wala mdogo, na itarekebishwa mara moja tu kwa mwaka!"

"Sasa mimi nilale wapi, mwanangu?" wifi akauliza. Nyumba ile aliijenga na marehemu kaka yangu, tofali juu ya tofali. Hana nyingine.

"Mama, umetengewa Makazi ya Mpito Yenye Hadhi."

Lilikuwa hema, kando ya barabara. Hadhi yake ni zipu.

Mlinzi wa Idara, mtu mnyoofu kama rula, akapewa kamba: ayafuate mavi yote popote yalipo, azungushe. Akazungushia jiko. Akazungushia chumba. Akamzungushia na kuku mmoja aliyekataa kutoka. Mara akaona jiwe jeusi njiani. Mbele yake, jingine.

Hapo lazima nieleze. Mwaka juzi, kabla mawe hayajawa Urithi, Mkurugenzi mwenyewe alituma lori likayachota hapo kwa wifi, akayatandaza nyumbani kwake kuanzia getini mpaka mlangoni, tope lisimguse viatu. Lori lenyewe bovu, likawa linadondosha njia nzima. Basi mlinzi akafuata, jiwe kwa jiwe, mpaka getini kwa mkubwa wake. Akapiga hodi, akamtoa mpishi, akazungushia kamba nyumba nzima. Watumishi kama hao ni wa kuombewa dua.

Jioni Mkurugenzi akarudi kutoka kikaoni.

"Fungua, wewe!"

"Eneo nyeti, mzee."

"Amri nimetoa mimi!"

"Hongera, mzee. Imeshika."

Kikabaki kimbilio kimoja: hema. Ndani, wifi na mpishi walikuwa wakinywa chai. Mkurugenzi akaingiza kichwa kwenye zipu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua viatu, baba, hapa pana hadhi."

Mbu walipoanza kazi, hekima nayo ikamjia. Akatoka, akatangaza kwa koo lake mwenyewe:

"Marekebisho! Binadamu aliyekutwa juu ya mabaki naye ni mabaki! Ni marufuku kumhamisha. Arudishwe alipokutwa, sasa hivi!"

Akavaa viatu upesi, aende kwake. Mlinzi akatafakari.

"Mama nilimkuta jikoni pake. Pita, mama." Akamwinulia kamba kama anampisha bibi harusi. "Mpishi nilimkuta sebuleni kwa mzee, kwenye kochi. Nenda, ndugu yangu."

"Na mimi?"

"Wewe, mzee, sikukukuta. Ulikuwa kikaoni."

"Basi narekebisha tena!"

"Mwakani, mzee."

Wifi akalala kitandani pake, kuku miguuni. Mpishi akajaribu kochi, akaliona fupi, akahamia kitanda cha Mkurugenzi; kifungu hakikukataza mtu kujihamisha mwenyewe. Mlinzi akasinzia wima, kamba mkononi. Mkurugenzi akabaki akibishana na zipu, nayo ikagoma katikati. Mbu wakaingia, wakafungua kikao, akidi ikatimia. Akawapungia mkono mara mbili tatu, mkono ukachoka, akalala.